Minazi Ikisongamana Uani: Tunapunguza Idadi, Hatunyoi Vichwa

Simu za kazi hii zinafanana. Mtu anapiga kutoka Raskazone, Sahare au Mwambani, hapa kwetu Tanga, anatusalimia, kisha anasema: "Nyumba ya marehemu baba imemezwa na minazi. Naomba mje mtunyolee." Tukifika tunakuta geti halionekani, mifereji ya bati imejaa makuti makavu na makarara (yale maganda yanayofunika maua ya mnazi), ukuta umeota ukungu wa kijani kwa kukosa jua, na ndani taa zinawaka saa nane mchana. Bahari iko hatua chache kutoka hapo na hakuna anayeiona.

Makala hii tumeiandika kwa ajili ya mtu huyo, aisome kabla hajamwita yeyote, iwe sisi au mwingine. Neno "kunyoa" ndilo linalotutia hofu. Mnazi haunyolewi. Uani palipojaa minazi panarudi kuwa bustani kwa kuondoa baadhi ya minazi, mizima, mpaka kwenye kisiki, na kuiacha iliyobaki na vichwa vilivyokamilika.

Saba iliyozaa thelathini na moja

Kiangazi kilichopita tuliitwa na mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyerudi kuishi katika nyumba ya baba yake kule Raskazone. Tulipoingia tukamwamkia, akaitikia marahaba, na neno lake la pili likawa: "Pitieni pembeni ya ukuta wanangu, asubuhi hii imeanguka nazi hapo mliposimama." Nazi yenyewe ilikuwa bado ipo, imezama nusu kwenye mchanga. Nazi iliyokomaa ikiwa na kumbi lake inaweza kuzidi kilo moja na nusu, na ikitoka mita 20 juu inafika chini kwa mwendo unaokaribia kilomita 70 kwa saa. Wajukuu wa mama walikuwa wamekatazwa kucheza uani tangu walipohamia.

Kiwanja ni cha mita 30 kwa 40, na nyumba pamoja na baraza na kisima vimechukua karibu nusu. Tulihesabu mashina moja moja huku tukiyafunga utepe ili tusirudie: minazi 31, mipopoo sita, vichaka viwili vya mkindu, na safu ya areka iliyokuwa imeinama yote upande mmoja kutafuta mwanga. Shambani mnazi mmoja hupewa nafasi ya mita nane hadi tisa kutoka kwa mwenzake. Kwa hesabu hiyo, eneo lililobaki wazi lingetosha minazi minane, ukijibana sana tisa.

Mzee mwenyewe, kwa maelezo ya mama, alipanda saba tu. Mingine ilijipanda. Nazi ikidondoka kivulini penye unyevu na isiokotwe, huchipua ndani ya miezi michache, ikashusha mizizi pale pale ilipolala. Mkwezi alipoacha kuja, na watoto wakahamia Dar es Salaam, kila nazi iliyoanguka ilipata nafasi ya kuwa mnazi. Ndiyo historia ya karibu kila uani tunapoitwa, na tunaisema ili mwenye nyumba asijione mzembe. Minazi inayojipanda chini ya mama yake hukua mirefu na myembamba kwa haraka kwa sababu inafukuzia jua, na siku unaposhtuka imekwisha kukupita kimo.

Mnazi si mwembe

Mwembe ukikatwa tawi hutoa mengine, ukikatwa juu huchipua ubavuni. Mnazi una sehemu moja tu ya kukulia, iliyofichwa katikati ya kichwa, imezungukwa na mashina ya makuti na kuvishwa vilifu kama mtoto mchanga. Ndilo shaha, lile jeupe, laini na tamu ambalo wakwezi huligawana mnazi ukianguka. Kila kuti litakaloota na kila kole, yaani shada la nazi, litakalozaa linatoka hapo. Shaha likikatwa, likioza au likiliwa na mdudu mpaka kwenye kiini, mnazi umekufa, hata kama makuti yake yatabaki ya kijani kwa miezi kadhaa.

Na mnazi hautoi makuti kwa pupa. Mnazi mkubwa wenye afya hutoa kuti moja kwa mwezi hivi, na kichwa chake hubeba kati ya makuti 25 na 35. Sasa piga hesabu: fundi akipanda na panga akashusha makuti 15 ya kijani ili "papate mwanga", ameurudisha mnazi nyuma kwa zaidi ya mwaka mzima. Wakati huo mnazi unaishi kwa akiba, unazaa vidaka (nazi changa kabisa) vinavyodondoka, na shina jipya linaloundwa linakuwa jembamba. Baadaye mnazi ukishiba tena, unanenepa juu ya sehemu ile, lakini ile shingo iliyobanwa haijazi kamwe. Shina la mnazi halinenepi kama la mwembe. Unene lililoupata lilipozaliwa ndio litakaobaki nao.

Hili tulijifunza kwa gharama ya mteja. Katika miaka yetu ya mwanzo tulipewa kazi kwenye nyumba ya wageni njia ya Pangani, minazi 12 mbele ya ukumbi wa chakula. Mwenye nyumba alitaka isafishwe kabisa kabla ya sikukuu. Tukaisafisha, tukaacha makuti manne matano yaliyosimama wima juu kama manyoya ya jogoo. Siku ile ilipendeza, tukasifiwa na kulipwa. Mwaka uliofuata minazi miwili ikavunjika vichwa kusi lilipovuma, na ile kumi iliyobaki kila mmoja una shingo pale tulipokata. Tukipita barabara ile tunaziona. Tulirudi kumwomba radhi mwenye nyumba na kumpandia miche miwili, na tangu hapo hatujawahi kukubali kazi ya namna ile, hata mteja akisisitiza.

Kinachofaa kukatwa ni kuti lililokauka, karara lililokwisha kufunguka, kole la nazi linaloning'inia juu ya njia au paa, na kuti lililoshuka chini ya usawa. Simama mbali utazame kichwa cha mnazi kana kwamba ni uso wa saa ya ukutani. Mshale wa saa tatu na mshale wa saa tisa unalala sawasawa, mmoja huku na mwingine kule. Mstari huo ndio mwisho wetu. Kuti lililo juu yake halikatwi. Na hata yale ya chini yenye madoa ya manjano na ncha zilizoungua, tusiwe na haraka nayo. Mara nyingi mnazi umekosa potasi na unainyonya kutoka kwenye makuti ya zamani kuyalisha machanga. Ukiyaondoa, njaa inapanda kwenye makuti yanayofuata. Dawa yake ni mbolea yenye potasi, na hata majivu ya kuni ya jikoni yanasaidia.

Kwanza tunauliza mnazi ni wa nani

Kabla ya panga, tunakaa barazani na wenye nyumba. Mtu wa bara anaweza kushangaa, lakini huku pwani mnazi unaweza kuwa na mwenyewe ambaye si mwenye kiwanja. Kuna minazi iliyorithiwa na shangazi ilhali ardhi ilikwenda kwa kaka, kuna uliowekwa wakfu kwa msikiti wa mtaa, kuna uliopandwa siku ya arubaini ya mtoto. Tumewahi kusimamisha kazi saa nne asubuhi kwa sababu mzee wa nyumba ya pili alitokea na kusema mnazi wa pembeni ni wa mama yake, na alikuwa anasema kweli.

Kwa mama wa Raskazone tulipita naye mnazi kwa mnazi, utepe mwekundu kwa unaoondoka na mweupe kwa unaobaki. Tulipofika kwenye mmoja uliopinda karibu na kisima, ambao kwa macho yetu ulistahili kuwa wa kwanza kuanguka, aliushika kwa kiganja.

"Huu hapana, mwanangu. Kitovu cha kaka yangu kimezikwa hapa."

Ukapata utepe mweupe, na ramani nzima ya bustani ikabidi ianzie kwake. Hatukuona hasara. Mnazi uliopinda ukipewa nafasi pande zote unakuwa ndio unaotazamwa na kila anayeingia.

Vigezo vyetu vingine ni vya kawaida. Unaoegemea paa au nyumba ya jirani unaondoka. Ulio chini ya waya wa umeme unaondoka, lakini hatuugusi mpaka TANESCO wamekuja kuzima laini. Kati ya miwili iliyobanana tunabakiza ule wenye kichwa cha mviringo na makole ya rika zote, yaani kidaka, kitale, dafu na nazi kwa pamoja, kwa sababu hiyo ni dalili kwamba haukukosa chakula mwaka wowote. Kitamli, ile aina ya mnazi mfupi, tunakibakiza karibu na jikoni popote inapowezekana: dafu lake linachumwa bila mkwezi, na nazi yake haianguki kutoka mbali.

Afya ndiyo inayotuchukua muda mrefu zaidi. Pwani yetu ya bara ina ugonjwa wa minazi kunyong'onyea ambao hauna tiba. Nazi changa zinapukutika bila sababu, maua mapya ndani ya karara yanakuwa meusi, makuti yanageuka manjano kuanzia ya chini kwenda juu, mwisho kichwa kizima kinadondoka na shina linabaki limesimama kama nguzo ya simu. Wataalamu wa TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mikocheni, kituo kilichotokana na mpango wa taifa wa minazi ulioanza mwaka 1979, wamehangaika na ugonjwa huu kwa miongo, na wana shamba la utafiti Chambezi, Bagamoyo. Tukiona dalili hizo hatuoti ndoto za kuuokoa mnazi ule. Tunauondoa wote, tunamwita afisa ugani, na hatupandi mche uliotoka kwenye nazi za uani humo.

Chonga, maji moto na mbu

Kijana wetu mmoja alipopanda mnazi wa tatu alituita tupande tuone. Katikati ya kichwa, pale kuti jipya linapochomoza likiwa bado limefungwa kama mkuki, kulikuwa na tundu la ukubwa wa kidole gumba, na mdomoni mwa tundu machujo makavu ya rangi ya kahawia, kama usumba uliotafunwa ukatemwa. Makuti yaliyokwisha kufunguka karibu yake yalikuwa yamekatika pembe tatu pembe tatu, mfano wa karatasi iliyokunjwa ikapitishwa mkasi. Huyo ni chonga. Kijana wetu alichukua waya wenye ncha ya ndoana, akauingiza taratibu mpaka akahisi kitu kigumu, akazungusha na kuvuta. Alitoka mdudu mweusi anayeng'aa, mwenye pembe moja puani, bado anapiga miguu.

Chonga haanzi juu. Anaanzia chini, kwenye magogo ya minazi yaliyoachwa yaoze na kwenye marundo ya samadi na makapi. Humo ndimo anapotaga, na mabuu yake manene meupe yaliyojikunja yanakaa humo miezi mingi yakila. Kwa hiyo mtu anayeangusha minazi yake mitano na kuacha magogo nyuma ya choo amejenga kitalu cha chonga cha kuila minazi iliyobaki, na ya jirani pia. Hili tunalisimamia kwa ukali kuliko jambo lolote. Gogo halilali kiwanjani tukiondoka. Kisiki tunakichimba au kukikata sawa na ardhi na kukifukia udongo wa kutosha. Wengine huwauzia watu sumu ya kumimina kwenye kisiki cha mnazi, usinunue. Mnazi uliokatwa hauchipui tena, kisiki chake kinakufa chenyewe.

Juu ya minazi mitatu ya mama kulikuwa na maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa kiota na kung'ata bila huruma. Vijana walitaka kuwapulizia dawa wapande kwa raha. Hatukuruhusu. Maji moto wanawafukuza wadudu wanaofyonza vidaka na kuvifanya vidondoke vikiwa vichanga. Ukiwaua maji moto, mwaka unaofuata utaokota vidaka chini ya mnazi na kujiuliza umerogwa na nani. Tulipanda asubuhi mapema, tukavaa mikono mirefu, tukawaacha.

Mbu ni habari nyingine. Vifuu vilivyotupwa na makarara yaliyoanguka yakiwa yametazama juu hushika maji ya mvua, na mbu anayeeneza dengue anataka maji kidogo tu kama hayo, karibu na nyumba, kivulini. Huyu anauma mchana, kwa hiyo chandarua hakikuokoi naye. Katika uani ule tulijaza viroba saba vya vifuu.

Siku ya kuangusha

Tunapenda kuangusha Januari na Februari, mchanga ukiwa mkavu, ili masika ya Machi yakute mashimo ya kupandia yapo tayari. Tunaanza saa kumi na mbili asubuhi kabla upepo wa bahari haujaamka. Penye nafasi mnazi unaangushwa mzima kwa kamba mbili. Penye nyumba, mkwezi anapanda, anafunga makole na kuyateremsha kwa kamba, anashusha kichwa, kisha shina linakatwa vipande vya mita moja moja kutoka juu. Mnazi mbichi umejaa maji na ni mzito kupita sura yake, na gome lake la nje ni gumu kiasi kwamba mnyororo wa msumeno wa mashine unanolewa mara kadhaa kwa siku.

Minazi iliyohukumiwa kuondoka mkwezi anaweza kuipanda kwa namna yoyote. Ile inayobaki haikatwi kidato hata kimoja. Vile vikato vya kuwekea mguu vinamfaa mkwezi kwa miaka, lakini havifungi kamwe. Vinatuama maji, vinaoza, na vinawafungulia mlango wadudu wanaotoboa shina. Panga na misumeno tunaisuuza kwa maji ya jiki kila tunapotoka mti mmoja kwenda mwingine.

Watu wanatuuliza kama hatuwezi kumaliza kila kitu siku hiyo hiyo. Tunaweza, lakini hatufanyi. Minazi iliyokulia katikati ya wenzake ni myembamba na haijawahi kukutana na upepo peke yake. Ukiondoa 20 kwa mkupuo, kusi la Juni na Julai linaikuta uchi. Kwa mama tuliondoa 13 kwanza, tukasubiri msimu wa kusi upite, tukarudi kuondoa tisa. Leo imebaki minazi tisa, mmoja zaidi ya hesabu yetu, na ule mmoja ni wa kitovu.

Kinachotoka hakitupwi. Sehemu ya chini ya shina, ile ya nje yenye nyuzi nyeusi, inatoa mbao ngumu nzuri. Ya katikati ni laini na haifai kwa kubeba uzito, hivyo usikubali fundi akuuzie boriti iliyotoka kwenye kiini. Mama alitengenezewa viti viwili vya uani na daraja dogo la mfereji. Makuti mabichi yalisukwa makumba ya kuzibia ua wa kuku, chelewa zikatoa mafagio, na makumbi tuliyapanga kuzunguka minazi iliyobaki, mgongo juu, yashike unyevu kwenye mchanga ule usioshika kitu.

Mipopoo, mkindu na areka

Uani wa zamani wa Tanga haukuwa wa minazi peke yake, na hapa ndipo kazi yetu inapoacha kuwa ya panga ikawa ya macho. Mipopoo sita ya yule mzee ilikuwa imesimama pamoja, mashina ya kijivu yenye pete, membamba kama mkono. Ni miti inayopendeza ikiwa kundi, na haichukui nafasi. Tuliibakiza yote na kuupandisha mtambuu kwenye mmoja wao, kama ilivyokuwa desturi. Mama akacheka, akasema bibi yake angefurahi.

Mkindu ni tofauti na mnazi: una mashina mengi kutoka shina moja la chini, kwa hiyo huo unaweza kupunguzwa bila kuuua. Kichaka cha kwanza kilikuwa na mashina 14. Tuliacha matano, marefu na mafupi, yanayotawanyika nje kama vidole. Lakini uwe na hadhari. Kwenye mashina ya majani kuna miiba mirefu myembamba inayopenya glavu na kuvunjikia ndani ya nyama. Usimpe kazi hiyo mtoto wa nyumbani kwa malipo ya soda. Ukindu mchanga uliokatwa hatukuutupa. Wasusi wa mikeka wa mtaani waliufuata wenyewe siku hiyo hiyo.

Areka, ile ya mashina ya manjano yenye asili ya Madagaska, inaishi vizuri kivulini na inaungua majani ikitupwa juani ghafla. Tuliigawa na kuihamishia upande wa mashariki wa baraza, ambako jua la mchana halifiki, mwanzoni mwa masika. Miti ya jamii hii inavumilia kuhamishwa kuliko watu wanavyodhani, mradi uondoke na bonge la udongo, ufunge majani yake juu yasipoteze maji, na usiufukie chini zaidi ya ulivyokuwa. Kufukia shingo ndiko kunakoiua.

Jua likishaingia

Ardhi iliyokaa gizani miaka 20 haina nyasi, ina mchanga na tabaka la makuti yaliyooza. Usikimbilie kupanda ukoka kila mahali. Chini ya minazi michanga yenye vichwa vizito, kati ya mwaka wa nane na wa 25 hivi, nyasi hazipati jua la kutosha. Zikipandwa zinakuwa na vipara. Huko tunapanda vinavyopenda kivuli: manjano, tangawizi, na pilipili manga inayopanda juu ya shina lenyewe, mche tunaoutoa Muheza. Ukoka tunauweka pale mwanga unapofika chini nusu siku. Kando ya dirisha la chumba cha kulala, asumini. Mlangilangi mmoja upande upepo unakotokea, usiwekwe karibu na mlango, maana harufu yake usiku ni nzito.

Swali moja tunaulizwa katika kila nyumba: mizizi ya mnazi itapasua msingi? Mizizi ya mnazi ni mingi na myembamba, inatoka chini ya shina kama ndevu, na haizidi kunenepa inavyokua. Haisukumi ukuta kama mizizi ya mkungu au mfenesi. Kinachoharibu ukuta ni shina lenyewe likiwa limepandwa limeugusa, na makuti yanayosugua paa. Mita tatu kutoka ukutani zinatosha kwa mizizi; kwa ajili ya makuti na nazi tunataka tano.

Kuhusu kutuita

Kuja kuona kiwanja ndani ya jiji la Tanga hatutozi. Pangani na Muheza tunaomba nauli tu. Bei tunaitaja baada ya kuona, kwa idadi ya minazi, urefu wake na ukaribu wake na paa au waya, na inajumuisha kuondoa magogo. Kabla ya siku ya kazi tunatoa taarifa ofisi ya serikali ya mtaa na kwa majirani wa pande zote. Kazi ya kiwanja kama cha mama ilituchukua siku sita awamu ya kwanza, siku nne ya pili, na siku tatu za kupanda.

Ukitaka makadirio ya awali tutumie picha tatu: moja kutoka getini, moja kutoka barazani ukitazama nje, na moja ukiwa umelala chali au umeinua simu juu katikati ya uani, ili tuone vichwa vinavyogusana. Waulize wazee wa nyumba kuhusu kila mnazi wanaoujua habari zake, uandike. Na tafadhali usichome makuti yaliyopo. Yaweke pembeni pakavu, tutayatumia.